Kiunganishi cha Sitini na Mbili

Viunganishi vilikuwa sitini na kimoja. Zulma Rocabado alivijua vyote kwa majina na kwa tabia: kipi huchelewa mvua ikinyesha, kipi hufa Jumatatu asubuhi, kipi ni kizima ila kinapenda kulalamika. Jumanne moja, saa nne asubuhi, aliweka mezani salteña yake, andazi la nyama lenye mchuzi, akajifuta mchuzi vidoleni, akautazama ubao, akakuta viko sitini na viwili.

Alihesabu tena kwa ncha ya kalamu. Sitini na viwili.

Nasimulia haya nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Mguu wa kushoto ulikuwa umelegea, na tangu nipewe kazi hii nimeomba kiti kingine mara tatu. Injinia Peredo, bosi wetu, hunijibu nivumilie, kana kwamba ni mimi ninayeyumba, si kiti. Kwa hiyo msinitake niwe mpole na watu wa jengo hili. Yote haya Zulma mwenyewe alinieleza siku aliyonikabidhi chumba, akiwa amesimama mlangoni, hataki kuingia.

Kazi yetu ni nyepesi kuieleza. Hospitali ina mfumo wake wa kompyuta, maabara ina wake, benki ya damu ina wake, na mifumo hiyo haielewani hata kidogo. Katikati yao ndipo tunapoweka viunganishi. Kimoja hubeba majibu ya vipimo kutoka maabara hadi wodini, kingine hupeleka maombi ya damu, kingine hupeleka maagizo ya daktari kwenye duka la dawa. Mtazamaji hukaa mbele ya ubao, ile skrini kubwa ukutani, na kufuatilia hali zao. Kila kiunganishi hutuma pigo, kitone cha mwanga kinachoruka kwenye mstari wake kila baada ya sekunde tano, kusema bado nipo. Kijani ni kizima, njano kinachelewa, nyekundu kimekufa. Kila kimoja kina msaidizi anayesubiri kando; mkuu akifa, msaidizi anashika nafasi hapo hapo. Na tatizo likitokea, tahadhari huruka kwenye ubao, mwenye zamu hubonyeza kitufe kilichoandikwa Nimepokea, na jina lake linaandikwa pale. Kuanzia hapo tatizo ni lake.

Hiki cha sitini na mbili hakikuwa na jina. Kinakotoka, patupu. Kinakokwenda, patupu. Muda kilioishi bila kuzimwa: siku elfu tisa mia sita na kumi na moja. Seva zetu zina miaka minne tu. Rangi yake ilikuwa njano, na pigo lake halikufuata sekunde tano za wenzake; lilikwenda mawili mawili, likanyamaza, likarudi kwa uvivu. Penye nafasi ya msaidizi paliandikwa: hakuna.

Zulma alimwita Limbert. Huyu alikuwa mkuu wa chumba na kaka yake wa tumbo moja. Mama yao alikwenda Bergamo kulea wazee wa Kitaliano Zulma akiwa na miaka tisa na Limbert kumi na sita, na tangu siku hiyo Limbert ndiye aliyempikia, akamsuka nywele vibaya, akamfukuza kwa fimbo kila kijana aliyepiga mluzi dirishani. Mpaka leo, Limbert akiwa na mke na mabinti wawili, Zulma hakuweza kula chakula kizuri bila kumbakizia.

Limbert alitazama mstari ule akasema ni takataka za mfumo, rekodi iliyosahaulika. Injinia Peredo alipita na kikombe chake, akacheka kwa pua. Akamuuliza Zulma kama siku hizi anahesabu na vivuli. Akaamuru kiachwe, kwa kuwa wageni kutoka makao makuu walikuwa njiani na hakutaka mtu aguse kitu chochote kinachofanya kazi.

Peredo huyu huyu, siku nne kabla, ndiye aliyeharibu mambo. Ijumaa ya kwanza ya mwezi kila ofisi ya mji wetu wa Cochabamba huchoma k'oa: mimea, mafuta ya lama na vipande vya sukari vyenye sanamu, juu ya makaa, kwa ajili ya Ardhi iliyotubeba. Miaka yote yetu ilichomwa chini kabisa, kwenye orofa ya ardhini, karibu na nguzo kubwa. Safari hii Peredo alisema moshi utaamsha vitambua-moto vya chumba cha seva, akaipeleka juu ya paa, ghorofa ya kumi na nne. Doña Asunta, mganga anayeuza dawa zake soko la La Cancha na ambaye hutuandalia k'oa, alipandishwa kwa ngazi za nyuma pamoja na ndoo za wafagizi.

"Injinia," alimwambia akihema, "Ardhi iko chini. Huku juu unawalisha njiwa."

Peredo alimwonyesha tu pa kuweka makaa. Jini la porini huja na upepo. Hili letu lilipanga foleni ubaoni kama viunganishi vingine, likiwa na nambari yake, na lilikuja kwa sababu lilinyimwa chakula.

Alhamisi, saa sita mchana, jengo lilitoka watu kama kawaida. Mji huu hula chakula cha mchana nyumbani. Mpaka saa nane utapita ghorofa nzima usikutane na mtu. Zulma na Limbert walibaki kwa zamu. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Ndipo Zulma alipoisikia harufu, kwanza hafifu, kisha nzito mpaka kooni: pombe kali ya mafundi, ile ya kopo, na chini yake saruji mbichi. Nyuma ya mlango wa kioo, katikati ya seva zinazonguruma, kitu kilikwaruza, kikanyamaza, kikakwaruza tena, taratibu, mwendo wa koleo kwenye zege.

Tahadhari ikaruka kwenye ubao. Haikuwa na namba ya kosa wala maelezo ya kiufundi. Ilikuwa na neno moja: Nakukaribisha.

Kwetu mtu akikuinulia gilasi na kusema nakukaribisha, hukatai. Unaitikia, unamwagia Ardhi tone la kwanza, unakunywa. Anayekataa ni mtu aliyelelewa na mbwa. Limbert alidhani ni mzaha wa vijana wa ghorofa ya tisa waliokuwa wameanza kunywa mapema. Akacheka, akainua kikombe chake cha chai kuelekea ubaoni.

"Haya basi, asante," akasema, na kwa mkono mwingine akabonyeza Nimepokea, kama alivyobonyeza mara elfu.

Kwenye mstari wa sitini na mbili, penye nafasi ya msaidizi, neno hakuna likafutika. Herufi zikaja moja moja, kila moja na pigo lake. L. I. M. B. Zulma alizisoma mpaka ya mwisho. Chini yake pakatokea maneno mengine: atashika nafasi Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, saa sita mchana.

Siku zile za mwanzo Zulma alijipa moyo. Lakini Limbert alianza kuja kazini na vumbi jeupe kwenye viatu, na akiulizwa amepita wapi hajui. Aliacha kula. Alisimama katikati ya chumba dakika ishirini, mikono imebana mbavuni, kidevu juu, kama mtu aliyebanwa na kuta asizoziona mwingine, na mkewe akampigia simu Zulma akilia, akasema mumewe amelala kitandani baridi, mzito, godoro limebonyea mpaka mbao, na akimgeuza hageuki. Daktari alimpima akakuta hana ugonjwa. Alisema moyo unakwenda polepole kidogo, apumzike.

Moyo huo ndio uliomtisha Zulma kuliko yote. Siku moja alimshika kaka yake kifundo cha mkono huku macho yake yako ubaoni, na kila mshipa uliporuka chini ya kidole chake, kitone cha mwanga kiliruka kwenye mstari wa sitini na mbili. Mawili, kimya, mawili, kimya. Aliuachia mkono ule, akajifuta kidole kwenye sketi.

Jumatatu, siku nne tu kabla ya Ijumaa hiyo, aliamua kukizima. Alisubiri saa sita, wenzake watoke. Limbert alikuwa ameegemea dirisha, amempa mgongo. Zulma akaweka kidole kwenye kitufe cha Simamisha, akasoma Baba Yetu mpaka katikati, akabonyeza, na mstari ukawa mwekundu, na nyuma yake kaka yake akaanguka bila hata kunyoosha mkono kujikinga, uso ukapiga sakafu, na alipomgeuza midomo ilikuwa ya bluu na kinywa kimejaa kitu cha kijivu, chenye mchanga, chenye maji maji, akakichota kwa vidole, akakichota tena, kikawa hakiishi, kinapanda kutoka kooni kama kinavyopanda kwenye shimo la msingi, naye anachota huku analiita jina la mtu aliyemlea, mpaka akakumbuka, akatambaa hadi mezani, akabonyeza Anzisha kwa mkono uliojaa saruji, na mstari ukarudi njano, na Limbert akavuta pumzi.

Akafungua macho, akamtazama.

"Zulma," akanong'ona, "mbona umenizima?"

Jioni hiyo hiyo Zulma alikwenda La Cancha. Doña Asunta alikuwa kwenye kibanda chake, kati ya mafungu ya mimea na vitoto vya lama vilivyokaushwa, akimenya maharage. Hakumkaribisha kukaa. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya, kisha akasema jengo refu halisimami kwa saruji peke yake. Nyumba ya kawaida huridhika na kitoto cha lama chini ya msingi, ila jengo kama letu wajenzi wake hulipa mtu.

"Basi mtoe, mama," Zulma alisema. "Uje umtoe."

"Nikimtoa, nani atalishika jengo? Huyo hatolewi. Amechoka, amenyimwa chakula, sasa anatafuta wa kumpokea zamu."

"Kaka yangu aliitikia bila kujua."

"Na yeye wa kwanza alijua?"

Doña Asunta akatupa maganda chini. Alimweleza kanuni moja tu, nami naikumbuka vizuri kwa sababu Zulma aliirudia mara mbili pale mlangoni: mwaliko hurudi mlango uliotokea. Aliyemkaribisha mtu shimoni, yeye ndiye wa kukaribishwa baada yake. Unateremka chini, unammwagia aliyelala pale pombe, unamwita kwa jina lake la ubatizo, unamtajia aliyemleta. Jina la msaidizi litabadilika. Lakini huyo mpya lazima aitikie kwa mkono wake mwenyewe kabla saa ya makabidhiano haijafika.

Zulma akamsihi aje naye. Doña Asunta alikataa. Alisema yeye ni mwanamke wa ngazi za nyuma, na ngazi za nyuma hazifiki kwa marehemu.

Njiani kurudi, ndani ya teksi, Zulma alimfikiria Don Nemesio, bawabu wetu. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mnene, mwenye kofia ya sufu, na alikuwepo tangu jengo ni shimo. Sote jengoni, nami wakati huo nikiwa idara nyingine, tulijua anakula chakula chake cha mchana ng'ambo ya barabara, kwenye ukingo wa bustani, kwa jua na kwa mvua ya mawe. Tulimcheka. Hakuna aliyewahi kumwona ndani saa sita mchana.

Kesho yake alimfuata pale bustanini. Hakuzunguka, alimuuliza ni nani aliyelala chini ya nguzo. Don Nemesio alifunga kontena lake la wali. Aliyatazama madirisha ya jengo moja moja. Mwishowe alianza kusema kwa sauti ndogo, na alipoanza hakuweza kuacha. Msimamizi wa ujenzi alitaka mtu asiye na wa kumtafuta. Nemesio, aliyekuwa kibarua, alimjua mmoja: Casiano Choque, waliyechoma naye matofali miaka mingi, ambaye pombe ilikuwa imemfukuza nyumbani na alilala na walevi wenzake kilimani Coronilla.

"Nilimwekea kiti," alisema. "Kiti kizuri, cha ofisi ya msimamizi. Nikampa supu ya karanga, ndiyo aliyoipenda. Kisha nikainua gilasi nikamwambia, Casiano, nakukaribisha. Akaniambia, asante, ndugu yangu. Alikuwa bado anakoroma walipommwagia zege."

Zulma alimwambia habari za Limbert, na za Ijumaa, na alichosema mganga. Don Nemesio akatikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Hapana, binti. Mimi nina wajukuu watano."

"Kaka yangu ana mabinti wawili, mzee. Na hakumkaribisha mtu."

"Kila mtu na wake. Miaka ishirini na sita nimekula nje kama mbwa kwa ajili ya yule. Inatosha." Akainuka, akapangusa suruali. "Na usiniite tena mzee wako."

Zulma alimchukia. Alinieleza hivyo bila aibu: alimchukia kwa wajukuu wake watano, kwa kofia yake, kwa kuishi kwake. Damu ni nzito kuliko maji, na usiku ule alipomwona Limbert amelala kwa wima, ameegemea ukuta kati ya kabati na mlango, mabinti wake wakimwekea mto miguuni, aliacha kutafuta njia nyingine.

Ijumaa ilinyesha mvua ya mawe tangu saa nne. Saa tano Zulma aliteremka orofa ya ardhini na chupa ya pombe kali. Taa ziliwaka, mafundi wa lifti walikuwa wamepita hapo punde, kila kitu cha kawaida, isipokuwa nguzo ilikuwa inatoka jasho. Alimwaga chupa yote miguuni pake. Akamwita Casiano Choque, akamwambia aliyekuleta ni Nemesio Colque, yuko mlangoni, bado mzima. Sakafu ilinywa pombe ile haraka kuliko sakafu inavyoweza kunywa, na kutoka ndani ya nguzo, usawa wa kifua chake, palibishwa mara mbili.

Alipopanda, ubao ulikuwa umebadilika. Kiunganishi cha sitini na mbili kilikuwa na jina: Casiano. Jina la Limbert lilikuwa likififia kwenye nafasi ya msaidizi, halijatoka. Na juu ya ubao wote ilining'inia tahadhari moja: Nakukaribisha, Nemesio.

Kitufe cha Nimepokea kilikuwa kinasubiri. Saa tano na nusu; wenzake walikuwa wameshatoka mapema kwa ajili ya mvua.

Limbert alikuwa kwenye kochi la kona, macho wazi, hapepesi. Zulma alimpigia simu bawabu kule mlangoni. Alimwambia Don Nemesio kwamba Injinia ameagiza kila mfanyakazi apande kupokea zawadi yake ya Ijumaa ya kwanza, ni kubonyeza skrini tu kuonyesha umepokea, na kwamba mvua hii haimruhusu mtu kula nje, yeye amepika kidogo. Don Nemesio akasema anapanda.

Alimwekea kiti hiki nilichokikalia. Alimwekea bakuli mezani, likitoa mvuke, na gilasi ya chicha, pombe ya mahindi. Mzee aliingia akivua kofia, maji yanamtiririka, akatazama kochi, akatazama ubao asioweza kuusoma bila miwani, akakaa. Akachota kijiko cha kwanza.

"Supu ya karanga," alisema.

"Ndiyo, mzee."

Alikula kijiko cha pili, cha tatu. Saa sita kasoro dakika saba. Nyuma ya kioo lile koleo lilianza kukwaruza, na kila mkwaruzo ulifuatwa na pumzi ya Limbert, fupi, fupi zaidi, na harufu ya saruji ikajaa chumba mpaka supu haikunukia tena, na mapigo ya mstari yakasogeleana yakawa hayana nafasi kati yake, na Zulma amesimama nyuma ya kiti, mikono ameifunga kwenye aproni, anaomba mzee asigeuke, asimtazame usoni, amalize tu, amalize.

"Hawa mabinti wa kaka yako," Don Nemesio aliuliza bila kugeuka, "wanaitwaje?"

"Luciana. Na mdogo ni Abril."

Akaitikia kwa kichwa. Akainua gilasi ya chicha, na hakumwaga tone la kwanza kwa Ardhi, yeye aliyemwaga hata chai. Aliinywa yote.

"Hata mimi nilimwekea kiti," alisema. "Asante, binti yangu."

Akanyoosha kidole, akabonyeza Nimepokea.

Limbert alikohoa kwenye kochi, akatema mchanga, akaanza kulia kama mtoto mchanga. Zulma alimkimbilia. Alipoinua macho Don Nemesio alikuwa ameshatoka, na alimwona kwa mgongo tu akiingia kwenye lifti. Namba juu ya mlango zilishuka: nne, tatu, mbili, moja, chini, orofa ya ardhini. Halafu zikaendelea kushuka. Chini ya orofa ya ardhini hakuna kitu, ila namba zilishuka nyingine tisa.

Saa nane watu waliporudi kutoka kula, walikuta kofia ya sufu pembeni ya nguzo, na saruji kuizunguka ni mbichi, inaacha alama ya kidole. Peredo alisema mzee ameacha kazi bila taarifa, na ndivyo ilivyoandikwa. Kiunganishi cha sitini na mbili kilikuwa kijani. Jina lake: Nemesio.

Limbert alipona, akahamia Chapare kwa wazazi wa mkewe, huko kwenye migomba ambako simu haishiki. Zulma alikwenda Bergamo kwa mama yake. Kabla hajaondoka alibandika karatasi chini ya ubao, kwa maandishi makubwa: NENO HILO LIKIJA USIPOKEE. Akanieleza kwa nini, akanipa funguo, akaniambia samahani.

Mimi nilitii. Lakini mtu wa miaka sabini na moja hachukui muda kuchoka, na k'oa ya Peredo bado inachomwa juu ya paa. Mwezi wa nne tu tangu ashuke, mstari ukawa wa njano. Jumatatu iliyopita saa sita mchana tahadhari ikaja, bila jina la mtu: Nakukaribisha. Sikuigusa. Ilining'inia siku tatu. Wageni wa makao makuu wakaiona, wakauliza mbona hapa tahadhari haziitikiwi, na Peredo, badala ya kujibu, akaurekebisha mfumo: sasa tahadhari isiyoitikiwa ndani ya dakika tano inajiitikia yenyewe, kwa jina la mwenye zamu. Aliiwasha Alhamisi. Zamu ilikuwa yangu.

Nilijaribu kuirudisha kwa Peredo, maana yeye ndiye aliyeweka mtambo. Haikukubali. Mtambo haukumkaribisha mtu, uliitikia tu. Mimi ninaitwa Efraín Zurita, nina miaka thelathini na nane na mtoto wa kiume anayeanza shule mwaka huu, na jina langu limeandikwa pale, herufi zote. Kila jioni nakung'uta viatu vumbi jeupe. Naogopa, sitaki kuficha, naogopa mpaka siwezi kumshika mwanangu nisije nikamwangukia.

Ila kanuni naijua. Mwaliko hurudi mlango uliotokea, na aliyemkaribisha Nemesio sote tunamjua. Jana mchana nimeteremka na chupa, nimemwita kwa jina, nimemtajia. Nilipopanda, ubao ulikuwa unasema: Nakukaribisha, Zulma. Dakika tano zikapita na haikujiitikia, kwa kuwa hii ilikuwa na jina la mtu.

Nikampigia simu Bergamo. Nimemwambia Limbert anaumwa tena, vile vile, amelala wima, na anamwita yeye. Hawezi kuhakikisha, kule kwenye migomba simu haishiki. Hakuniuliza swali hata moja. Nilimsikia akifungua kabati akitafuta begi.

Anafika Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa ya kwanza. Karanga nimeshaloweka. Na kiti hiki, nilichoomba kibadilishwe mara tatu, nimekipeleka kwa fundi mwenyewe leo asubuhi, amechomelea mguu wa kushoto, na sasa hakiyumbi.